Bonareri Alivyojiagizia Wimbo

Bonareri wa Homa Bay alikuwa na kinyongo na mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa wa mchinjaji wa pale karibu na soko, mbwa mpole, hajawahi kumuuma mtu wala kumwibia Bonareri hata mfupa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa ametajwa kwenye wimbo wa Abwao, na Bonareri hajatajwa.

Abwao ni mtunzi na mwimbaji wa benga, mtoto wa Karungu, na kama hujamsikia basi wewe hujapita Homa Bay wala Migori miaka hii. Watu wanampenda kuliko wanavyowapenda waheshimiwa wao, na wana sababu. Kama ilivyo desturi ya wanamuziki wa Kijaluo, wimbo wake hauendi mbali kabla hajaanza kumwaga majina: fundi fulani wa Rongo, mama fulani wa kisiwa cha Remba mwenye omena, yaani dagaa, isiyo na mchanga, daktari wa ng'ombe wa wapi sijui. Aliyetajwa, hata kwa pumzi moja, hutembea kwa madaha mwezi mzima na kusalimiwa na watu asiowajua. Abwao alikuwa ametoa albamu nne, na katikati ya majina yote hayo alimpenyeza mbwa, kwa sababu mchinjaji alikuwa rafiki yake na siku hiyo studioni walikuwa na furaha. Bonareri hakuwemo hata kwenye moja.

Na si kwamba Abwao hakumjua. Bonareri ni Mkisii, mzito wa sauti na mwepesi wa mikono, mwenye hoteli ya meza chache karibu na stendi. Abwao alipokuwa bado kijana wa gita bovu na viatu vilivyokatika, alikula pale vichwa vya mbuta, samaki wa ziwani, na kuongezewa mchuzi bila kuomba. Leo ana gari, na akipita Homa Bay bado anakula palepale na kumwita Mama. Ndiyo maana ile habari ya mbwa ilimuuma Bonareri kuliko ambavyo mbwa mwenyewe angeweza kumuuma.

Lakini tuseme ukweli, mbwa alikuwa kisingizio. Kidonda kilikuwa Uriri, na kilikuwa na jina: Nyamoita, dada yake mkubwa.

Hawa wawili walikuwa wakipika pamoja sokoni Uriri. Siku moja walikuja wageni wa kanisa, Wasabato kama wao, wakala chinsaga, mboga ile ambayo wengine huiita mgagani. Bonareri alikuwa ameipika kwenye chungu chake na kuilaza na maziwa mpaka uchungu wote ukaisha. Wageni wakasifu. Nyamoita akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema, "Asanteni. Huu ni mkono wa mama yetu, mimi ndiye niliyeurithi." Bonareri alingoja wageni waondoke, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye chungu, akakikumbatia, akapanda gari la Homa Bay. Toka siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, na wote wawili, kwa bahati mbaya, ni watu wa subira sana.

Basi Bonareri alikuwa na haja moja tu duniani. Jina lake liimbwe, redio ilipeleke mpaka Uriri, Nyamoita alisikie akiwa amekaa anachambua mboga, asiwe na la kusema. Alitamani hivyo akiosha sahani, akikaanga samaki, na, Mungu amsamehe, hata akiwa kanisani.

Abwao alipokuja kula mwaka huu, akasema anatayarisha albamu ya tano, Bonareri alimwekea sahani mbele na kubaki amesimama.

"Umemwimba mbwa," alisema.

"Mama, ile ilikuwa tu mchezo."

"Mbwa hajawahi kukupikia."

Abwao akaweka mkono kifuani. "Ni kweli, Mama, nimekosa. Hii albamu nitakutaja. Wimbo wa kwanza kabisa."

"Sitaki kutajwa. Kutajwa ni kwa mbwa. Mimi nataka wimbo mzima."

Kisha akaanza kuagiza, kama mteja anayejua anachotaka na hataki kuletewa kingine. Wimbo uanze na mahali alipozaliwa, na baba yake, na mama yake. Useme watu aliowalisha. Useme roho yake nzuri, na hapo Abwao asifanye haraka. Gita liende polepole, si lile la kufukuzana, ili watu washike kila neno. Mwishoni amwite jina lake, amwite tena, amwite tena, halafu gita linyamaze.

Abwao aliacha kutafuna. "Mama," alisema taratibu, "wimbo wa namna hiyo, sisi huku kwetu..."

"Kwenu nini? Mkisii hastahili?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Basi kula samaki, anapoa."

Sasa hapa yafaa msomaji aambiwe jambo ambalo Mjaluo yeyote pale hotelini angeweza kumwambia Bonareri, na walikuwepo kadhaa, na wote waliinamia sahani zao. Mtu aliye hai hutajwa. Husifiwa mstari mmoja, miwili, gita likikimbia, akaachwa aendelee na shughuli zake. Lakini wimbo mzima, wa polepole, unaoanza na kijiji cha kuzaliwa na kuishia kwa kumwita mtu asiyeitika, huo hutungiwa aliyekwisha kuzikwa. Bonareri alikuwa amesimama hotelini kwake, aproni kiunoni, akajiagizia wimbo wa maombolezo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na hili la Bonareri halikutaka hata kuonyeshwa chupa. Abwao naye, ungemtaka afanye nini? Mkono uliokulisha ukikutuma, unakwenda. Akanawa, akaenda.

Albamu ilitoka Ijumaa. Bonareri alikuwa ameazima spika kutoka duka la jirani yake Sainab, mwuza nguo wa kutoka Garissa, akaiweka juu ya friji. Kufikia saa ya chakula cha mchana hoteli ilikuwa imejaa, na watu walikuwa wamegawanyika vizuri.

"Hii ngoma haina stimu," alisema Mirumbe, mwendesha boda, Mkuria wa Migori ambaye alizijua zile albamu nne kwa moyo kama Sala ya Bwana. "Mguu wangu umengoja tangu asubuhi uitwe. Haujaitwa. Abwao amekuwa mzee."

"Amekuwa mtu mzima," alisema mwalimu Okari, ambaye alistaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha. "Zamani alikuwa anakimbia. Sasa anatembea, na wewe kwa mara ya kwanza unasikia anachosema. Ndiyo maana unaumwa."

"Mwalimu, mimi sikununua bando nisikie mtu akitembea."

Kinamama wa omena walisimama na wimbo wa pili, ule wa bwana mwenye simu mbili, wakataka urudiwe mpaka mabwana wawili watatu wakalipa na kuondoka mapema. Vijana wa stendi walisema albamu nzima ni ya kulalia. Mchinjaji alisema ni takataka tupu. Safari hii hakutajwa yeye wala mbwa, na kila mtu alielewa uchungu wake ulikotoka.

Ila ulipofika wimbo wa nne, ubishi ulikoma. Gita lilishuka polepole. Abwao akaimba Uriri, akaimba baba, akaimba mama, akaimba vichwa vya mbuta, kisha akaanza kuita: Bonareri. Bonareri. Bonareri. Watu walitazama ugali. Mama mmoja alifuta macho kwa ncha ya leso. Wakati wa kulipa walimshika Bonareri mkono na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mos ahinya, Mama," yaani pole sana, naye akawajibu asante, akidhani wameguswa na ufundi wa Abwao. Mirumbe alikataa kupakuliwa chakula mpaka wimbo uishe. Hakuna aliyethubutu kumweleza. Kila mmoja alimwachia mwenzake, kwa kuwa Bonareri alikuwa ameshika mwiko wa ugali.

Siku ya pili yake ilikuwa Sabato, na Bonareri alifunga hoteli kama anavyofunga kila Jumamosi. Wenyeji wa Homa Bay wanalijua hilo. Lakini watu wa Karungu na wa Migori waliopita stendi siku ile, wimbo ukilia kila kona, wakauliza hoteli ya huyu Bonareri ni ipi, wakaonyeshwa mlango uliofungwa, na huo ukawatosha ushahidi.

Jumapili asubuhi simu yake ililia. Alikuwa mama wa Remba anayemletea samaki.

"Naomba kuongea na aliyebaki na simu ya marehemu," ilisema sauti, imejaa huzuni.

"Marehemu gani?"

"Bonareri."

"Bonareri ndiye anaongea na wewe."

Upande wa pili ikasikika simu inaanguka ndani ya mtumbwi, kisha hakikusikika kitu. Bonareri alitoka na simu mkononi mpaka dukani kwa Sainab, akamweleza.

Sainab aliendelea kukunja vitambaa. "Jirani, mimi natoka Garissa, na hata mimi nilijua," alisema. "Niliusikia ule wimbo nikasema, huyu mwanamke amejizika kwa mkono wake mwenyewe."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ulikuwa na furaha sana. Na tena mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Akamweleza habari yote, taratibu, kama anavyomweleza mteja kwamba rangi hii itatoka ikifuliwa.

Bonareri alikaa juu ya robota la mitumba. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Akampigia Abwao, akamwamuru atangaze redioni kwamba Mama hajafa.

"Mama, nilitaka kukuambia siku ile," Abwao alisema. "Ukaniambia nile samaki." Kisha akashusha sauti. "Lakini Mama, nikwambie? Watu wanagombana juu ya hii albamu kila mahali. Nyimbo nyingine wananitukania. Wako ndio hakuna anayeukataa. Huo ndio umeibeba albamu. Nikisema uko hai, si utageuka kichekesho?"

Bonareri alikata simu. Ndipo lilipomjia lile ambalo lingemjia kwanza kama asingekuwa na hasira: kama Remba wamesikia, Uriri pia wamesikia. Alikuwa ametaka Nyamoita asikie. Basi Nyamoita alikuwa amesikia nini?

Hakungoja sana kujua. Alasiri hoteli ikiwa imejaa, Sainab aliingia kwa mlango wa nyuma, kilemba kimemteleza. "Kuna mwanamke anateremka kwa boda pale," alisema. "Ana sura yako, ila amekasirika zaidi. Ana godoro, na sufuria ya kupikia harusi."

Bonareri alichungulia. Alikuwa Nyamoita, amezeeka kidogo, amefunga kitambaa cheusi, nyuma yake mama mmoja wa kanisa na gunia la ndizi.  Badala ya kutoka, Bonareri akafanya jambo ambalo mtu mzima hapaswi kufanya: alirudi nyuma ya pazia la jikoni akajificha kati ya jiko na ndoo ya maji.

"Sasa mimi niwaambie nini?" Sainab alinong'ona.

"Wape pole. Nataka kusikia."

Sainab alitoka akawapokea vizuri kabisa. Hakusema uongo hata mmoja. Alisema, "Karibuni. Sisi wenyewe bado hatujaamini." Wateja, ambao walikuwa wamepakuliwa na marehemu dakika chache tu zilizopita, walitazamana. Mwalimu Okari alifungua mdomo, Mirumbe akamkanyaga mguu.

Nyamoita alikataa kiti. Akasema amesafiri tangu asubuhi na lazima aseme neno moja kuhusu marehemu, ili watu wa huku wajue alikuwa na kwao. Na kweli alisema vizuri. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi. Marehemu alikuwa na hasira za karibu lakini roho safi. Alisema aliposikia jina redioni, jana jioni baada ya Sabato, alikaa chini hapohapo kwenye mboga. Nyuma ya pazia Bonareri alikuwa analia huku ameuma aproni. Angeweza kumsamehe kila kitu wakati ule. Kilichomchoma kilikuwa kitu kidogo: Nyamoita alikuwa anasema marehemu, marehemu, kama anamzungumzia jirani wa mbali.

Na angekomea hapo, msiba ungeisha kwa amani.

"Na ile chinsaga yake mliyokuwa mkiipenda," Nyamoita alimalizia, akipangusa macho, "msidhani imepotea. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Pazia lilifunguka kwa nguvu mpaka likang'oka pamoja na waya.

"Uongo," alisema Bonareri. "Hata kwenye matanga yangu, Nyamoita? Hata kwenye matanga?"

Mama wa kanisa alikaa juu ya gunia la ndizi. Mteja mmoja mgeni alitoka kwa dirisha ingawa mlango ulikuwa wazi. Nyamoita alisimama palepale, akimtazama mdogo wake kuanzia kichwani hadi kwenye malapa, na uso wake ukapita kwenye mambo mengi kabla haujatulia kwenye hasira.

"Kumbe uko hai," alisema. "Uko hai, na hukunipigia simu."

"Na wewe ulikuwa umekufa?"

"Nimelia usiku kucha. Nimelia mpaka majirani wakaamka. Unajua nilivyolia?"

"Ulimfundisha nani kupika?"

Waligombana mpaka ugali wa watu ukapoa, kwa Kikisii, lugha ambayo Homa Bay si wengi wanaielewa, na nasikia ni heri hivyo. Hakuna aliyeondoka. Mirumbe alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo stimu aliyoikosa kwenye albamu. Na walipochoka, wote wawili wakiwa wamekaa meza moja bila kukumbuka nani alikaa kwanza, Sainab aliwawekea chai katikati.

"Kunywa, urudi kwako," Bonareri alisema.

"Nirudi vipi? Kanisa zima limeniaga. Wameniombea. Sufuria hii ni ya kanisa. Kesho nirudi nayo safi, bila hata masizi, niwaambie nini?"

"Waambie niko hai."

"Waambie wewe. Ndiwe unayependa kutangazwa." Nyamoita akavuta godoro lake mpaka jikoni. "Mimi nilikuja kukaa matanga. Nitakaa."

Na akakaa. Asubuhi aliamka kabla ya mwenyeji, akaanza kulaumu visu. Habari kwamba Bonareri yu hai ilisambaa, na mashabiki wakagawanyika upya, vibaya kuliko mara ya kwanza. Migori kuna waliodai wamedanganywa. "Nililia bure," mmoja alipiga simu redioni akasema, "machozi yangu nani atanirudishia?" Mwalimu Okari alishikilia kwamba sasa wimbo umekuwa mtamu zaidi, maana ni mara ngapi mtu huitwa hivyo akiwa na masikio ya kusikia. Mirumbe akaanza kuupenda, ila kwa sauti ya chini, asionekane amebadilika. Abwao alipojaribu kueleza kwenye onyesho lake Migori, watu walimpigia kelele aache maneno na aimbe, nao wakalia upya, wakijua kabisa kwamba huyo wanayemlilia wakati ule alikuwa Homa Bay akigombania mwiko.

Jikoni kulikuwa na vyungu viwili vya chinsaga sasa, kila dada na chake. Bonareri alikuwa amechoka. Alikuwa amekosewa, hakuombwa radhi. Alikuwa ameimbwa, na aliyekusudiwa kusikia hakusema hata kama wimbo ni mzuri. Akawaza kumwambia Nyamoita afunge godoro.

Siku hiyo aliingia mzee mmoja kutoka Karungu, amevaa koti zito, kofia mkononi. Huyo habari mpya hazikuwa zimemfikia. Alimjua Bonareri kwa wimbo tu, hajawahi kumwona. Akamwona Nyamoita na kitambaa chake cheusi, akamwendea moja kwa moja.

"Mos ahinya, mama," alisema. "Nilikuwa napita, nikasema siwezi kupita bila kutoa pole. Mimi sipendi nyimbo za siku hizi, lakini ule umenikaa hapa."

Bonareri alisimama na sahani ya samaki, akingoja Nyamoita amweleze mzee wa watu ukweli. Nyamoita hakueleza. Alipokea pole kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu uleule.

"Asante, baba. Na sisi umetukaa."

Mzee akageuka, akamwona Bonareri na sahani yake. "Na huyu mama ni nani?"

Nyamoita alimpangusa Bonareri unga begani, unga uliokuwa pale tangu asubuhi.

"Huyu," alisema, "ni dada yangu. Ndiye anayejua kupika."